Chini ya Sakafu ya Haboba Jamilah

Pikapu ilikuwa imeshawashwa. Godoro lilikuwa juu, limefungwa kamba. Sufuria zilikuwa ndani ya gunia. Kuku mwekundu alikuwa kwenye kiti cha mbele, mapajani pa Haboba Jamilah, amefungwa miguu kwa kitambaa.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mizigo. Nilitafuta njia ya kufika Koboko, na dereva Alionzi alinihurumia. Kwa hiyo mambo ya siku ile niliyaona kwa macho yangu. Sikuambiwa na mtu.

Haboba ni bibi kwa Kinubi. Pale mtaani Mvara, watu wote walimwita hivyo, Waislamu na Wakristo. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miaka sabini na kitu, na ulimi usiolala. Kazi yake ilikuwa kusuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi nyingi. Wasichana wa mtaa walikuja kwake kila Jumamosi. Walikaa juu ya sakafu yake ya mbao, wakajifunza kusuka.

Siku ile alikuwa anahamishwa. Mwanawe Asuman alikuwa amekuja kumchukua. Asuman anauza vitambaa Koboko. Ni mtu mnene, mpole, mwenye haraka.

"Mama, tumemaliza?" Asuman aliuliza.

"Maliza wewe. Mimi sikuanza."

"Koboko utapenda. Watu wetu wako wengi."

"Koboko nitafanya nini? Nikae barabarani, nihesabu pikipiki?"

"Utapumzika, mama."

"Nikitaka kupumzika, nitakufa."

Alionzi alicheka, akageuka asionekane. Ng'ambo ya ua, jirani Kadijah alikuwa anafagia. Alikuwa amefagia mahali pale pale kwa saa nzima. Kadijah na Haboba hawakuwa wanaongea. Miaka sita kabla ya siku ile, sindano ya shaba ya Haboba ilipotea. Ilikuwa sindano ndefu ya kusukia, ya mama yake. Haboba alisema Kadijah aliichukua. Tangu hapo hata salamu zilikatika.

Lakini kwa nini Haboba alikuwa anahamishwa? Ni kwa sababu ya sakafu.

Marehemu mume wake, Siraji, alikuwa dereva wa lori. Alijenga nyumba ile mwenyewe. Kiwanja kiko mteremkoni, na maji ya mvua hupita pale. Kwa hiyo Siraji hakuweka sakafu juu ya ardhi. Alisimamisha nguzo fupi za matofali. Juu ya nguzo akalaza maboriti, na juu ya maboriti akapigilia mbao ngumu alizoleta kutoka Congo. Chini ya sakafu ikabaki nafasi. Mtu anaweza kutambaa pale, lakini hawezi kusimama. Watu wa nyumba waliiita uvungu.

Sakafu ile ilikaa miaka mingi bila neno. Halafu mwaka mmoja ilianza kulia. Ukikanyaga hapa, mbao ya kule inaitika. Mguu wa kiti ulizama. Asuman aliogopa. Alileta mtu mmoja wa sokoni, anayesema anajua nyumba. Mtu yule alisimama mlangoni. Alipiga kisigino mara tatu. Alinusa kama mbuzi. Akasema, "Nyumba hii imekufa. Bomoeni."

Wabomoaji walipangwa kuja Jumatatu. Siku ile ilikuwa Jumamosi.

Sasa kilibaki kitu kimoja tu ndani, sanduku la chuma la Haboba. Asuman na Alionzi waliingia kulibeba. Tulisikia sauti kama mti umevunjika. Kisha tukasikia Asuman akiita mama yake, kama mtoto.

Niliruka chini, nikaingia. Asuman alikuwa na mguu mmoja juu ya sakafu. Wa pili haukuonekana. Ulikuwa umetoboa mbao na kuingia mpaka pajani.

"Usicheze," Alionzi alimwambia. "Kaa hivyo hivyo."

"Nikae hivyo hivyo mpaka lini?"

Tulimvuta. Suruali ilichanika, lakini ngozi ilikwaruzwa kidogo tu. Katika shimo lile ilitoka harufu ya udongo mbichi. Mbao iliyovunjika ilikuwa nyembamba kama karatasi. Ndani yake mchwa walikuwa wanakimbia.

"Mmeona?" Asuman alisema, anahema. "Imekufa. Angekanyaga mama pale, ningekuwa nachimba kaburi."

Alionzi alipiga magoti. Aliingiza mkono ndani ya shimo.

"Lakini bosi, hii boriti iko ngumu."

"Boriti gani?"

"Hii ya chini. Shika. Iko kama chuma. Mbao imeliwa, boriti nzima. Kwa nini?"

"Sijui. Twende."

"Yule mtu wa kisigino, aliingia chini kuangalia?"

"Aliingiaje? Alikuwa na suti."

"Basi alijuaje?"

Alionzi akasema kwamba kanisa lao lilikuwa na tatizo kama hilo. Waliita mkaguzi wa majengo, dada mmoja anaitwa Drateru, mtu wa Logiri. Amesomea ujenzi. Anaingia kila mahali, juu ya dari na chini ya sakafu, halafu anaandika alichokiona.

"Na leo iko hapa karibu," Alionzi alisema. "Anakagua paa la darasa. Nampigia simu sasa hivi."

"Hakuna haja," Asuman alisema. "Tunaenda Koboko."

Kutoka kwenye pikapu tulisikia sauti ya Haboba. "Ufunguo wa gari iko na mimi."

Injini ilikuwa kimya. Haboba alikuwa amezima gari, akachomoa ufunguo, akauweka ndani ya kitambaa kifuani. Kuku alikuwa anatuangalia.

"Mama!"

"Hapana mama. Mumeo akifa, unaita daktari anaangalia amekufa na nini. Nyumba yangu imekufa, na hakuna mutu ameangalia. Mimi hapana toka mpaka mutu aingie chini."

Drateru alifika kwa boda kabla jasho la Asuman halijakauka. Alikuwa kijana, mrefu, amevaa ovaroli ya bluu. Alimpigia Haboba goti, akamsalimu. Alimsalimu na Kadijah ng'ambo ya ua. Hakuingia ndani. Alianza kuizunguka nyumba polepole, na sisi nyuma yake, Haboba naye ameshuka na kuku wake.

"Unatafuta nini nje?" Asuman aliuliza. "Shimo iko ndani."

"Ndiyo, mzee. Lakini nyumba inaanza kuumwa kutoka nje. Naangalia maji yanapita wapi. Naangalia hewa inaingia wapi."

Chini ya kuta kulikuwa na matundu sita madogo. Siraji aliyaacha makusudi. Yote sita yalikuwa yamejaa magunia.

"Nani ameziba haya?"

"Mimi," Haboba alisema.

"Kwa nini, Haboba?"

"Upepo unakausha ukindu yangu ya kusukia."

Drateru alitikisa kichwa tu. Aliyatoa magunia yote. Kisha alienda nyuma ya nyumba, akafungua kimlango cha uvungu. Hakuingia. Alikaa chini, akaomba maji ya kunywa.

"Umeogopa?" Asuman aliuliza.

"Nangoja hewa. Mahali palipofungwa muda mrefu, hewa yake ni mbaya. Mtu anaweza kuzimia."

Baadaye alipiga ardhi kwa fimbo ndefu, ili kama kuna nyoka aondoke. Alivaa glavu, kitambaa cha pua na kofia ngumu yenye tochi. Mfukoni aliweka bisibisi. Akamwambia Alionzi, "Wewe kaa hapa mlangoni. Niite jina kila mara. Nisipoitika, usinifuate peke yako. Ita watu kwanza."

"Na mimi nitaita," Haboba alisema. "Mimi niko na sauti."

Drateru alitambaa, akapotea. Tukawa tunasikia bisibisi yake. Tok, tok. Tok, tok. Kila mahali aligonga mbao, kisha alichoma. Mti mzima unagoma. Mti ulioliwa unaingia kama mkate.

"Drateru!"

"Niko!"

"Drateru! Chini iko nini?"

"Iko giza, Haboba!"

Alipotoka, uso ulikuwa umejaa utando wa buibui. Alifungua simu yake, atuonyeshe picha. Asuman hakutaka picha.

"Picha ya simu inaweza kuwa ya nyumba nyingine," alisema. "Naingia mwenyewe."

"Mzee, mlango ni mdogo."

"Baba yangu aliutengeneza. Nitapita."

Alivaa kofia na glavu za Drateru. Kichwa kilipita. Mabega yalipita. Tumbo likakataa.

"Mama, nimekwama."

"Toa pumzi."

"Nimetoa."

"Toa na chai ya asubuhi."

Kadijah ng'ambo ya ua aliangusha ufagio. Alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Mimi na Alionzi tulimshika Asuman miguu, mmoja huku, mmoja huku, tukamvuta kama gunia la muhogo. Alipokaa vizuri alisema, "Haya. Onyesha picha."

Drateru alionyesha picha ya kwanza. "Hii ni nguzo ya matofali. Mmeona bati hili juu yake, limekunjwa kama kofia?"

"Marehemu alikata mabati yale hapa uani," Haboba alisema. "Watu walimcheka. Walisema anavalisha matofali kofia."

"Hakuwa mjinga. Mchwa hapendi mwanga. Anapanda ndani ya kijia cha udongo anachokijenga. Akifika kwenye kofia hii, lazima atoke nje na kuizunguka. Hapo utamwona mapema. Nguzo ziko kumi na mbili. Nimekagua zote. Hakuna kijia hata kimoja."

"Basi amepanda wapi?" Asuman aliuliza.

Drateru alifungua picha ya pili. Tuliona mafurushi ya ukindu, yamepangwa kutoka ardhini mpaka yanagusa sakafu. Katikati yake vilipita vijia vya udongo, vinene kama kidole.

"Haboba, ukindu huu unauwekaje?"

"Nauweka chini, palipo na baridi. Ukindu mkavu unavunjika, hausukiki. Kiangazi namwagia maji kila jioni."

"Kila jioni?"

"Debe moja. Mbili kama jua kali."

"Na mafurushi yanagusa mbao?"

"Sasa nayaweka wapi? Angani?"

Hapo akajisikia mwenyewe. Alimweka kuku chini.

"Haboba," Drateru alisema kwa upole, "marehemu aliwafungia mchwa mlango. Ukindu umewapa ngazi. Maji yamewapa kinywaji. Magunia yamewapa giza. Hukujua."

"Ngoja," Haboba alisema. "Mvua za mwezi wa nne, kumbikumbi walitoka ndani ya chumba changu. Ndani kabisa, pembeni ya kitanda! Nilikaanga sahani mbili. Nikasema, baraka imenifuata mpaka kitandani."

"Walikuwa watamu?"

"Sana."

"Wale ni mchwa wenye mabawa. Wakitoka ndani ya chumba, maana yake kiota chao kiko chini ya chumba. Haboba, ulikuwa unakula mbao za mumeo."

Haboba alimwangalia. Nilidhani atakasirika. Badala yake alishika kiuno, akacheka, na machozi yakatoka kidogo. "Siraji angenipiga na nyundo," alisema.

Drateru aliandika ripoti pale pale, juu ya boneti ya pikapu. Kisha aliisoma kwa sauti. Maboriti ni tisa. Moja limeliwa, lazima litolewe. Manane ni mazima. Mbao za sakafu zilizoharibika ni kumi na nne, zote upande wa chumba cha nyuma, juu ya ukindu. Nguzo ni nzima.

"Kwa hiyo hatubomoi?" Asuman aliuliza.

"Kuibomoa hii ni kumzika mtu kwa sababu ya jino."

Akaendelea kusoma. Ukindu wote utoke leo, na kuni za akiba zilizo chini ya sakafu nazo zitoke. Kiota kichimbwe, mpaka malkia apatikane. Udongo utiwe dawa ya mchwa, na dawa itiwe na mtu aliyefundishwa, mwenye glavu, siyo mtu wa kujaribu. Kuku na watoto wasikaribie. Matundu ya hewa yabaki wazi, lakini yawekwe wavu wa waya, nyoka na panya wasiingie. Mfereji uchimbwe upande wa juu wa mteremko, maji ya mvua yapite pembeni. Na kila mwaka, mvua zikiisha, mtu anayejua aingie chini na tochi.

"Hata kama sakafu hailii?" Alionzi aliuliza.

"Hasa kama hailii. Sakafu ikilia, umeshachelewa."

Asuman alikuwa anasugua paja lake. Mzaha ulikuwa umemtoka. "Mama, mimi nasikia yote haya. Lakini mguu wangu umeingia mpaka hapa. Mimi ni mzito, nilisimamia boriti. Wewe ungevunjika. Niko Koboko. Nani angekuokota?"

Haboba aliinama, akaishika suruali iliyochanika.

"Na kuna jambo moja," Drateru alisema. "Mpaka mafundi wamalize na dawa ikauke, asilale mtu humu. Wiki mbili."

"Umeona?" Asuman alisema. "Basi twende Koboko."

"Nikienda Koboko wiki mbili, utanificha ufunguo mwaka mzima. Nakujua, nilikuzaa." Haboba aligeuka kwa Drateru. "Mimi naweza kuingia chini?"

"Haboba?"

"Mlango unanitosha. Nataka kuona nilichofanya."

Drateru alimwangalia umbo lake, akakubali. Alimfunga kitambaa puani. Kofia ilimfunika mpaka nyusi. Waliingia pamoja, Drateru mbele. Asuman alishika kichwa. Mimi nilikaa mlangoni na kuita. Nilisikia Haboba akisema, "Hii? Hii ndiyo kijia?" Akasema, "Wallahi, hata mimi singejenga vizuri hivi." Halafu nilisikia mkono ukifukua udongo.

"Haboba!" niliita.

"Niko," alijibu, lakini sauti ilikuwa ndogo.

Alitoka na ngumi imefungwa. Alisimama. Hakujipangusa vumbi. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye ua, akafungua mkono. Ndani ya kiganja kulikuwa na sindano ndefu ya shaba, imekuwa ya kijani kwa unyevu.

Kadijah aliiangalia.

"Ilipita kwenye ufa wa sakafu," Haboba alisema. "Ilikuwa chini yangu miaka sita. Nilikuwa nimeikalia."

"Na mimi?" Kadijah aliuliza.

"Wewe hukuiba."

"Sema kwa nguvu. Ulivyosema ile siku, mtaa wote ulisikia."

Haboba alivuta pumzi. "Kadijah hakuiba sindano yangu!" Alipiga kelele mpaka boda mmoja akasimama barabarani. "Jamilah ni mjinga! Mmesikia?"

"Tumesikia!" yule wa boda alijibu.

Kadijah alichukua ufagio wake. Alifuta macho kwa ncha ya shuka alilojifunga. "Vyumba vyangu viko viwili," alisema. "Kimoja hakina mtu. Lakini kuku huyo asilale ndani."

Asuman aliniangalia, akamwangalia Alionzi. Kisha akapanda juu ya pikapu na kuanza kufungua kamba ya godoro.

Kazi ilianza Jumatatu. Wabomoaji walikuja kama walivyopangwa. Haboba aliwasimamisha mlangoni, akawapa majembe, wakachimba kiota. Malkia alikuwa mnene kama kidole gumba. Fundi aliweka boriti jipya na mbao kumi na nne. Mtu wa dawa alikuja na glavu na barakoa, akafanya kazi yake. Alionzi alitengeneza kichanja cha kuwekea ukindu, mbali na ukuta. Sasa Haboba anauviringisha ndani ya kitambaa kibichi, na unalainika vizuri kuliko zamani. Debe linabaki jikoni.

Siku ya kumi na tano alirudi kwake. Alitembea chumba chote, kutoka pembe hadi pembe, akikanyaga kwa nguvu. Sakafu haikusema neno.

Huu ndio mwisho wa kila mtu. Asuman alirudi Koboko na suruali mpya. Anakuja Mvara kila mvua zikiisha, anashika tochi mlangoni, haingii. Drateru ameshakagua nyumba nne nyingine katika mtaa ule, na katika mbili alikuta mchwa. Mtu wa kisigino bado yuko sokoni. Alionzi amenunua tairi mbili. Kadijah anasukia sindano ya shaba, kwa sababu alipewa, na anafundisha wasichana pamoja na Haboba kila Jumamosi. Kuku mwekundu aliliwa siku ya Idi. Mimi nilifika Koboko kesho yake ya Jumamosi ile, kwa basi; haya ya baadaye alinisimulia Alionzi. Haboba Jamilah anakaa kwake.